Vikasha vya Dhahabu vya Paris: Maswali ya Wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kazi ya masonara wa Paris wa karne ya 18 waliotengeneza tabakero, yaani vikasha vya mfukoni vya kuwekea ugoro, kwa dhahabu, enameli (kioo cha rangi kinachoyeyushiwa juu ya madini) na mawe. Barua zilizofuata zimetoka zaidi Mwanza, Geita na visiwani, na nyingi zimeandikwa na watu wanaoishika dhahabu kila siku. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Bawaba ilipita wapi?

*Ndugu wahariri, mimi ni sonara mtaa wa Makoroboi. Pete, herini na vikuku navimudu vizuri. Kwenye picha yenu ya tabakero sikuona bawaba kabisa, kifuniko na kikasha vimekuwa kitu kimoja. Nataka kujaribu. Nianzie wapi?*

Kaka, bawaba ipo, tena ndefu. Imeanzia karibu na pembe moja ya ubavu wa nyuma ikaishia karibu na pembe ya pili. Huioni kwa sababu imezikwa ndani ya unene wa ukingo, nusu kwenye kifuniko na nusu kwenye kikasha. Hapa ndipo masonara wa Paris walipowaacha mbali wenzao, na sisi tunaiona kuwa kazi ngumu kuliko nakshi zote zilizo juu ya kikasha.

Chukua kikasha cha sentimita 8 kwa 5.5 kwa 3.5, chenye pembe za duara kidogo. Bamba la milimita 0.7 linatosha kwa kuta. Lakini bamba hilo haliwezi kubeba mfereji wa bawaba, kwa hiyo kabla ya yote lehemu upapi wa milimita 2.5 kwa ndani kwenye ukingo wa nyuma wa kikasha, na mwingine kwenye ukingo wa nyuma wa kifuniko. Anayeruka hatua hii huona tupa inatoboa ukuta, na hapo hakuna kiraka kitakachofichika.

Vijibomba vya bawaba unavitengeneza hivi. Kata utepe wenye upana wa milimita 5 na unene wa milimita 0.4. Ukunje kidogo kwa urefu, laza ndani yake waya wa chuma wa milimita 1.2 uliopakwa mafuta, kisha vuta vyote kwa pamoja kwenye bao la kuvutia waya hadi upate bomba la milimita 2 kwa nje. Chomoa waya. Kwa bawaba ya sentimita 7.2 kata vipande 9 vya milimita 8. Idadi lazima iwe witiri: vipande 5 vinakuwa vya kikasha na 4 vya kifuniko, ili ncha zote mbili za bawaba zishikwe na kikasha. Miisho ya kila kipande iwe imenyooka kabisa. Ukikata kwa macho bila kibano chenye pembe mraba, utaona mianya midogo ya mshazari kwenye kazi iliyokamilika, na haifutiki.

Sasa funga kifuniko mahali pake, kaza kwa waya laini wa chuma, na chonga mfereji kwa tupa ya mviringo ya milimita 2 pale kingo mbili zinapokutana. Kina chake kiwe milimita 2 kamili, yaani mgongo wa kijibomba ulingane na uso wa ukuta. Kikizama zaidi, ukuta wa kifuniko utagota ukingo wa kikasha kabla kifuniko hakijasimama wima. Kikibaki nje, bawaba itaonekana na itakwaruza mfuko. Kikikaa sawasawa, kifuniko kitafunguka hadi kusimama wima na kugoma hapo, kama kinavyotakiwa.

Panga vijibomba vyote kwenye waya wa chuma, mshono wa kila kimoja ukielekea ndani ya mfereji, na uvilaze mahali pake. Weka chembe moja ya lehemu, isiyozidi nusu milimita, katikati ya kila kipande: cha kwanza upande wa kikasha, cha pili upande wa kifuniko, hivyohivyo hadi mwisho. Miisho yote ipake chaki iliyokorogwa kwa maji ili lehemu isitambae. Pasha kutoka chini, taratibu. Chembe zikishika, acha ipoe, chomoa waya, tenganisha kifuniko, na ndipo umalizie kulehemu kila upande peke yake.

Kosa linaloua kazi hii ni lehemu kupenya kwenye kiungo kati ya kipande na kipande. Kifuniko hakifunguki tena. Sababu huwa moja kati ya tatu: chembe ni kubwa mno, boraksi, ile dawa ya kusaidia lehemu itiririke, imezidi na kubeba lehemu hadi mwishoni, au moto umepigwa kutoka juu ukaita lehemu upande wake. Kosa la pili ni kifuniko kubaki wazi kidogo upande wa mbele. Maana yake hakikukaa vizuri wakati wa kushikisha vipande, na dawa yake ni kuvitoa vyote na kurudia. Usijaribu kukikunja kwa nguvu. Kinaweza kukubali leo, kisha siku utakapokipasha moto kwa kazi nyingine kitarudi kilivyokuwa.

Msumari wa kupitisha katikati uwe waya mgumu wa dhahabu ya karati 18, umechongwa mwembamba kidogo upande mmoja. Chuma kitapata kutu kwa unyevu wa ziwa na kitaganda humo. Ukate mfupi kwa milimita 2 kila upande, kisha ziba matundu kwa vizibo vya dhahabu ileile na uvipige tupa. Hapo hata sonara mwenzako atatafuta pa kuanzia.

Jambo la gharama: kikasha cha vipimo hivyo kina eneo la bamba karibu sentimita za mraba 182, sawa na gramu 197 hivi za karati 18 bila bawaba wala papi. Usianzie hapo. Tengeneza cha kwanza kwa shaba, cha pili kwa fedha (takriban gramu 132), ndipo uende kwenye dhahabu.

Rangi nne bila kupaka rangi

*Shikamooni. Mimi ni binti ninayesomea ufundi, Ilemela. Mlisema maua ya juu ya kikasha yalikuwa ya dhahabu nyekundu, kijani, manjano na nyeupe, na kwamba hakuna rangi iliyopakwa. Naomba vipimo.*

Marahaba, binti yetu. Rangi inatokana na madini yanayochanganywa na dhahabu. Mtindo huu ulishamiri Paris katika nusu ya pili ya karne ya 18, na ulidumu kwa sababu unang'aa bila kufifia.

Kwa gramu 10 za karati 18, dhahabu safi ni gramu 7.5 daima. Zile 2.5 zinazobaki ndizo zinazoamua. Zikiwa shaba nyekundu tupu, utapata dhahabu nyekundu. Zikiwa fedha tupu, utapata ya kijani, si kijani cha jani bali manjano yenye ubichi fulani unaoonekana vizuri ikikaa kando ya nyekundu. Zikigawanywa nusu kwa nusu, 1.25 na 1.25, ni manjano ya kawaida. Nyeupe ya zama hizo ilipatikana kwa kuzidisha fedha kupita kiasi cha karati 18 hadi manjano yakafifia. Chuma nacho kilitumika kuleta kijivu. Leo masonara hutumia paladiamu kwa nyeupe, nayo ni ghali na huyeyuka kwa moto mkali zaidi.

Vipimo hivi vinafanya kazi ukianza na dhahabu safi. Mwanza ina bahati hapa: kiwanda cha kusafisha dhahabu kilichozinduliwa Juni 2021 kinatoa dhahabu ya asilimia 99.99. Ukianza na dhahabu ghafi ya wachimbaji wadogo, hesabu inabadilika, kwa kuwa tayari ina fedha ndani. Tuseme imepimwa ikawa asilimia 92. Ili upate gramu 7.5 safi unahitaji gramu 8.15 za dhahabu hiyo, na ndani yake mna gramu 0.65 za madini mengine, aghalabu fedha. Nafasi iliyobaki ni gramu 1.85 tu. Hata ukiijaza yote kwa shaba, wekundu wako utakuwa umepooza. Wengi hulaumu shaba, kumbe tatizo liko kwenye dhahabu waliyoanza nayo.

Kuna mtego kwenye dhahabu nyekundu ambao hauna budi kuujua. Ikipoa polepole baada ya kulainishwa kwa moto, chembechembe za shaba na dhahabu hujipanga upya ndani, bamba linakuwa gumu na linapasuka unapolipitisha kwenye mashine ya kubana. Izimishe majini mara wekundu wa moto unapoanza kufifia. Ya kijani haina tabia hiyo, ni laini siku zote.

Ukishapata mabamba, yabane hadi milimita 0.4, kata majani kwenye ya kijani, petali kwenye nyekundu na nyeupe, mashina kwenye manjano. Lehemu kila kipande juu ya uso wa kikasha kwa lehemu inayoyeyuka chini kuliko rangi zote. Ile nyekundu na ya manjano huyeyuka karibu na nyuzi 900, wakati ya kijani hustahimili zaidi ya 1,000, kwa hiyo moto upimwe kwa zile dhaifu. Kisha weka kikasha kwenye lami ya kuchongea na utie uhai kwa patasi butu: mishipa ya jani, mikunjo ya petali. Mpaka kati ya rangi na rangi ndiyo alama ya fundi. Lehemu ikionekana pembeni mwa jani, nakshi nzima inaonekana imebandikwa.

Kazi ikitoka kwenye tindikali ya kusafishia, usishtuke ukiona dhahabu nyekundu imegeuka manjano. Moto huunguza shaba ya juu, tindikali huiondoa, na juu inabaki ngozi nyembamba ya dhahabu iliyo safi zaidi. Ikwangue na kuisugua polepole, nyekundu itarudi.

Neno moja la afya: lehemu za zamani za dhahabu ambazo bado zinauzwa mitaani huwa na kadimiamu, na moshi wake unaharibu mapafu na figo. Uliza kabla ya kununua. Asiyeweza kukujibu, usinunue kwake.

Kichwa cha tai

*Mimi ni mama mfanyabiashara, Kirumba. Kuna mtu anataka kuniuzia kikasha cha dhahabu. Anasema ni cha wakati wa mfalme Louis wa 15 na ananionyesha chapa ya kichwa cha tai kama ushahidi. Nimwamini?*

Mama, chapa hiyo ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1838. Louis wa 15 alifariki mwaka 1774. Kichwa cha tai kinathibitisha kwamba serikali ya Ufaransa ilipima na kukuta angalau karati 18, na hilo lenyewe lina thamani, lakini hakithibitishi umri. Kuna uwezekano kwamba kikasha ni cha kale kikapigwa chapa ya tai kilipouzwa tena baadaye. Ndiyo maana unapaswa kutafuta chapa nyingine.

Kikasha cha dhahabu cha Paris kabla ya Mapinduzi ya 1789 kilikuwa na chapa nne. Ya kwanza ni ya bwana sonara mwenyewe: herufi za jina lake, alama yake ndogo, ua la yungiyungi lenye taji, na nukta mbili. Ya pili ilipigwa na mkusanya ushuru kazi ikiwa bado mbichi. Ya tatu ilipigwa na chama cha masonara baada ya kupima dhahabu, nayo ni herufi ya mwaka. Ya nne ilionyesha ushuru umelipwa. Chapa za ushuru zilibadilika kila alipobadilika mwenye mkataba wa kukusanya kodi, kwa hiyo leo zinasaidia kutaja miaka: za Julien Alaterre ni 1768 hadi 1775, za Jean-Baptiste Fouache ni 1775 hadi 1781, za Henri Clavel ni 1781 hadi 1789. Mara nyingi utazikuta zimerudiwa ndani ya kifuniko, ukutani na kwenye kitako, ili mtu asichukue kifuniko halali akakivisha kikasha cha shaba. Tumia kioo cha kukuza mara 10.

Baada ya sheria ya Novemba 1797, chapa ya fundi ikawa ndani ya umbo la almasi. Umbo la mraba kamili liliwekwa kwa vitu vilivyovikwa ngozi ya dhahabu au fedha tu. Ukiona mraba, usilipe bei ya dhahabu. Kichwa cha mwanamke aliyevaa kofia ya chuma ni chapa ya fedha, hata kama kikasha kinang'aa manjano kwa kuchovywa. Na bundi, ambaye kwetu hapendwi kuonekana juu ya paa, kwa Wafaransa tangu 1893 ni chapa ya dhahabu iliyoingia kutoka nje au isiyojulikana ilikotoka.

Jihadhari pia na hili: mafundi wa Hanau, Ujerumani, na wa Geneva walitengeneza vikasha vizuri sana na kuvipiga chapa zilizofanana na za Paris. Hivyo ni dhahabu kweli, ila si vya Paris, na bei hutofautiana mno.

Kupima mwenyewe inawezekana kama kikasha ni cha dhahabu tupu, bila enameli, mawe wala picha. Tafuta mizani ya kidijitali inayosoma gramu 0.01. Pima kikasha kikiwa kikavu. Kisha weka bilauri ya maji juu ya mizani, ifanye isome sifuri, na uning'inize kikasha kwa uzi kikiwa wazi, kizame chote bila kugusa kitako wala pembeni. Namba itakayosomeka ni ujazo wake kwa sentimita za ujazo. Gawa uzito kwa ujazo. Karati 18 hutoa karibu 15.4. Dhahabu ya vikasha vya Paris tangu 1721, ambayo iliruhusiwa kuwa karati 20 na robo, hutoa kati ya 16.5 na 17. Shaba ya njano haifiki 9. Viputo vya hewa pembeni ndivyo vinavyoharibu kipimo hiki, vikiongeza ujazo na kuishusha namba. Tikisa kikasha majini hadi vitoke.

Mashine za mionzi ya X zinazopima dhahabu nazo ni nzuri, lakini zinasoma ngozi ya juu tu. Omba wapime ndani ya kifuniko, kitako na bawaba, sehemu tatu tofauti. Muuzaji akikataa vipimo, mama, hifadhi pesa yako.

Ugoro na dhahabu

*Mwangaluka, ndugu zangu. Huku Ukerewe wazee wetu waliweka ugoro kwenye kijibuyu au pembe, na ulikaa vizuri. Dhahabu ya nini?*

Shikamoo mzee wetu. Ugoro wenyewe haukuhitaji dhahabu. Ulihitaji kifuniko kinachobana usikauke, na pembe za ndani zilizo laini usikwame, na hayo kijibuyu kinayatimiza. Dhahabu ilihitajika kwa sababu kikasha kilitolewa mbele za watu mara nyingi kwa siku, na namna mtu alivyokifungua na kumkaribisha mwenzake ilikuwa sehemu ya adabu. Matajiri walikuwa na kizito cha majira ya baridi na chepesi cha kiangazi.

Zaidi ya hapo, kilikuwa zawadi ya kiserikali. Mfalme wa Ufaransa aliwapa mabalozi vikasha vyenye picha yake iliyozungushiwa almasi. Balozi asiyekihitaji aliweza kukirudisha kwa sonara akapewa fedha taslimu, na kikasha kilekile kikatolewa tena kwa balozi mwingine. Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia alivipenda hata akazuia vya Ufaransa kuingia nchini mwake ili mafundi wa Berlin wapate kazi.

Ufaransa haikuwa na Geita

*Mimi ni mwalimu wa historia, Nyegezi. Wanafunzi wangu wanashangaa: nchi isiyo na migodi mikubwa ya dhahabu iliwezaje kuongoza biashara hii, na sisi tulioizunguka dhahabu pande zote tunauza ghafi?*

Mwalimu, hili ndilo swali tulilolisubiri, na tunalijibu kwa moyo wote. Dhahabu ya Paris ilitoka kwenye sarafu na vyombo vikuukuu vilivyoyeyushwa, na kwenye biashara iliyoleta dhahabu ya Amerika ya Kusini. Wafaransa walichokuwa nacho ni utaratibu wa aina tatu.

Kwanza, uaminifu uliopigwa mhuri. Mabwana sonara wa Paris walikuwa hawazidi 300. Kijana alijifunza miaka 8, akafanya kazi chini ya wengine, kisha akatoa kazi ya kuonyesha ustadi wake ndipo akaruhusiwa kuwa na chapa. Wazee wa chama walipima dhahabu ya kila kikasha. Mnunuzi wa Lisbon au Saint Petersburg hakuhitaji kumjua fundi, alisoma chapa.

Pili, mgawanyo wa kazi. Mwenye chapa, kama Jean Ducrollay au Louis Roucel, aliunganisha kikasha. Lakini mchonga nakshi alikuwa mwingine, mtia enameli mwingine, mkata mawe mwingine, na mchora picha mwingine kabisa. Kikasha cha waziri Choiseul cha mwaka 1770 hivi kina kazi ya dhahabu ya Roucel, na picha ndogo za vyumba vya nyumba yake zilichorwa na Louis-Nicolas van Blarenberghe. Kila mmoja alifanya jambo moja maisha yake yote.

Tatu, na hili husahaulika, mfanyabiashara wa kati. Paris ilikuwa na kundi la wauza bidhaa za anasa ambao sheria iliwakataza kutengeneza chochote. Walibuni, waliagiza, waliunganisha. Mmoja wao, Lazare Duvaux, aliacha daftari la mauzo la miaka ya 1748 hadi 1758 ambalo bado lipo, na bibi de Pompadour, kipenzi wa mfalme Louis wa 15, anaonekana humo mara kwa mara kama mteja. Mtu kama huyo ndiye aliyefikiria kuchukua vipande vilivyokatwa vya laki ya Kijapani, au vibamba vya kauri kutoka kiwanda cha Sèvres, na kuvizungushia fremu ya dhahabu. Alijua mteja anataka nini kabla mteja hajajua.

Mwanza ina dhahabu, ina kiwanda cha kusafishia, na ina masonara wenye mikono mizuri. Tofauti iko kwenye hayo matatu. Mnunuzi wa pete mjini mara nyingi hutegemea neno la sonara anayemfahamu. Neno hilo ni zuri mtaani, lakini halisafiri. Kundi la masonara hata kumi wanaweza kuanza wenyewe: kila mmoja awe na chapa yake isiyofanana na ya mwingine, iandikwe kwenye daftari la pamoja, na kwa kila myeyusho watunze kipande cha nusu gramu chenye tarehe, kipimwe na mtu wa nje. Mteja akilalamika baada ya miaka mitano, kipande kipo. Hizo ni gharama ndogo mno ukilinganisha na bei ya gramu moja. Kugawana kazi nako hakuhitaji sheria: sonara anayejua bawaba asihangaike na enameli.

Enameli inapasuka

*Sonara, Geita. Naweka enameli ya bluu kwenye kidani cha karati 18. Ikitoka kwenye tanuri ni nzuri, ikipoa inachanika nyuzi nyuzi, wakati mwingine inabanduka. Kwa nini?*

Dhahabu na kioo havisinyai sawa vinapopoa. Ukiwa na enameli upande mmoja tu, bamba linajikunja kidogo na kioo kinavunjika. Weka tabaka la enameli nyuma pia, la unene ule ule. Fungua tabakero ya enameli utaona ndani nako kumefunikwa, au kuna bamba la pili la dhahabu linaloficha mgongo.

Kama inabanduka, chunguza mchanganyiko wa dhahabu yako. Zinki ni adui, hata kidogo inayotoka kwenye lehemu. Tumia dhahabu, fedha na shaba tu, fedha ikizidi shaba, na lehemu ngumu ya madini hayohayo. Osha unga wa enameli kwa maji safi hadi maji yasiwe na ukungu, panga tabaka jembamba, kausha kabisa juu ya tanuri, kisha choma kwa nyuzi 780 hivi kwa dakika moja hadi mbili. Dhahabu yako inaanza kuyeyuka chini ya nyuzi 900, nafasi ni finyu, simama hapohapo. Tabaka tatu nyembamba hushinda moja nene kila mara. Unyevu uliobaki huleta viputo, na tabaka nene hupasuka hata ukifanya mengine yote vizuri.

Wafaransa walichora mistari ya mawimbi kwenye dhahabu kwa mashine ya kuzungusha kabla ya kuweka enameli angavu. Mistari hiyo hucheza na mwanga, na pia inaipa enameli pa kushika.

Zebaki

*Nimesikia walipaka dhahabu kwa zebaki. Naweza kujaribu nyumbani?* (Msomaji, Buzuruga)

Hapana. Walichanganya dhahabu na zebaki, wakapaka shaba au fedha, wakaunguza zebaki ikatoka kama moshi. Mafundi wa Paris walitetemeka mikono, wakang'oka meno, wengi walikufa mapema. Moshi huo ni ule ule unaotoka kwenye karai la mchimbaji anayeunguza zebaki kando ya nyumba yake, na ukianguka ziwani unaingia kwenye samaki. Kuchovya kwa umeme kunafanya kazi hiyo leo bila zebaki.

Kusafisha

*Nimerithi kikasha kidogo cheusi chenye madoa ya kahawia yanayopitisha mwanga, kimepambwa nyota za dhahabu. Nisafishe na ndimu?* (Mama, Nyamagana)

Usitumie ndimu, majivu wala dawa ya meno, mama. Kwa maelezo yako hicho ni ng'amba, yaani gamba la kasa, na nyota zimeshikwa na gamba lenyewe: lilipashwa moto likawa laini, dhahabu ikabonyezwa, lilipopoa likaibana. Maji ya moto yataziachia. Futa kwa kitambaa laini kilicholowa kidogo, kausha papo hapo, na kihifadhi kwenye kitambaa cha pamba mbali na dirisha, kwa sababu jua hulipausha gamba na kulifanya livunjike. Nyota iliyolegea usiigundishe kwa gundi kali ya dukani. Iweke kwenye bahasha na umpelekee sonara. Na ujue kwamba biashara ya ng'amba kuvuka mipaka imepigwa marufuku kimataifa ili kumlinda kasa, hivyo hata kikiwa cha urithi usisafiri nacho kabla ya kuuliza ofisi ya wanyamapori.